Chini Kuna Mtu?

Haya hayakumpata rafiki ya rafiki. Yalimpata mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, na mimi nilikuwepo. Nayaandika yalivyokuwa. Asiyetaka kuamini aende zake, mimi sibembelezi mtu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, jua la kiasi, upepo wa kukausha nguo. Tulikuwa kwenye uwanja wa klabu ya kulenga shabaha, tunafanya kazi za kujitolea. Mimi si mwanachama na bunduki sina habari nazo. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kuunguza vidole, na pale niliingizwa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliyekuwa msimamizi wa matunzo ya uwanja. Matunzo yote ya pale watu wanajitolea. Wengine wanafyeka nyasi, wengine wanarudishia udongo kwenye tuta kubwa linalopokea risasi, wengine wanakaa mlangoni mwa ghala wakipitisha fimbo yenye kitambaa cha mafuta ndani ya mitutu na kusengenya wasiokuja. Mimi niliombwa nikaze fremu za shabaha zilizolegea. Na kwa kuwa mdogo wangu ni fundi cherehani, naye hakuachwa.

Mdogo wangu tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Akishona anaongea, akipika anaongea, hata usingizini alikuwa na hadithi. Mimi aliniita Kaka Cheche, kwa ajili ya kazi yangu na kwa ajili ya hasira zangu, na alipenda kuniita hivyo mbele za watu. Ndani ya mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko, alikuwa na kovu la pasi ya mkaa, umbo la ncha ya pasi kabisa, linang'aa. Akizama kwenye kazi alikuwa akilisugua kwa kidole gumba bila kujua.

Shabaha za pale ni magunia yaliyowambwa kwenye fremu, yakabandikwa karatasi juu. Fremu zinashushwa kwa waya ndani ya handaki refu la mawe, mbele ya tuta, ili zitengenezwe. Ukiwa mle ndani humwoni mtu wala mtu hakuoni. Nusu ya handaki iko wazi, nusu imeezekwa bati, na ngazi ya kutokea ni moja tu. Huko ndiko Chiriku alikokaa kwenye benchi na ndoo ya gundi ya unga wa ngano, anaziba matundu ya risasi. Watu wote hukata viraka vya pembe nne. Yeye alikata vya mviringo, kimoja kimoja, kwa mkasi wake wa kazini.

"Kwa nini ujisumbue, na vitatobolewa kesho?" nilimuuliza asubuhi ile.

"Kaka Cheche, pembe ndiyo inayobanduka. Kitu cha mviringo hakina pa kuanzia." Akanipaka gundi puani.

Sasa, klabu ile ina utaratibu mmoja wanaouheshimu kuliko katiba yao. Mtu akiwa chini handakini, bendera nyekundu iko juu ya mlingoti na hakuna mkono unaogusa bunduki. Kazi ikiisha, mwenye bendera anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa pale na kupaza sauti: "Chini kuna mtu?" Kukiwa kimya, bendera inashuka. Sauti ikijibu "Bado!", bendera inabaki, hata kama anayesubiri ni waziri. Kazi hiyo alikuwa nayo mama mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa akilinda kivuko cha treni, mkali kama pilipili. Tulimwita Mama Kengele. Siku hiyo hakuja. Alikwenda kung'oa jino.

Bendera akashika shemeji.

Wageni kutoka klabu nyingine walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye viti juani, na mwenyekiti alikuwa anatembea huku na huku akitazama saa. Watu wakapanda kutoka chini. Wa mwisho alikuwa Chiriku, ndoo kiunoni, gauni lake la kijani lenye vitone vyeupe limetapakaa gundi. Akanipita.

"Leo umeishiwa maneno?" nikamtania.

Akatabasamu. Hakusema kitu. Nikadhani amechoka.

Shemeji akagonga reli. "Chini kuna mtu?"

"Bado!"

Ilitoka handakini. Ilikuwa sauti ya Chiriku.

Tukageuka wote. Chiriku alikuwa amesimama kando ya bomba la maji, ndoo mkononi, mdomo umefungwa.

Wengine wakacheka. "Mwangwi huo," mmoja akasema. Mimi nikapandwa na hasira. Mwangwi gani unakujibu neno ambalo hujalitamka? Nikateremka ngazi mwenyewe. Nikapita sehemu ya wazi, nikaingia chini ya bati. Hakukuwa na mtu. Mkasi ulikuwa juu ya benchi, umeachama. Kwenye shabaha ya mwisho kulikuwa na kiraka kibichi, gundi bado inachuruzika. Nikaweka kiganja juu ya benchi. Lilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Nikapanda. "Sijaona mtu," nikamwambia shemeji. "Lakini usishushe."

"Shemeji, mke wangu huyu hapa. Nimsubiri nani tena?"

"Gonga tena."

Akagonga. "Chini kuna mtu?"

"Bado." Safari hii taratibu. Kama mtu anayemalizia kitu kidogo tu.

Hakuna aliyecheka.

"Wageni waungue jua kwa sababu ya mwangwi?" mwenyekiti akafoka. "Shusha."

"Mzee, subiri kidogo," nikasema.

"Wewe ni mwanachama?"

"Siyo. Lakini masikio ninayo."

"Basi yapeleke kule kwenye mashine yako."

Ningemjibu, na ningemjibu vibaya. Lakini shemeji alikuwa ameshamgeukia mkewe, kama mtu anayeomba ruhusa. Mkewe akamtazama. Kisha akainamisha kichwa mara moja, polepole. Shusha.

Bendera ikashuka.

Walipiga risasi mpaka vivuli vikarefuka. Chiriku alikaa na wake za wanachama, mikono mapajani. Kila mlio ulipopasuka, wale wanawake walifumba macho. Yeye hakupepesa hata mara moja.

*

Baada ya siku chache nikapita kwao. Nyumba ilikuwa safi kupita kawaida. Shemeji alikuwa kazini, na mdogo wangu yuko kwenye cherehani, anatia kiraka suruali ya jirani.

"Kaka, karibu."

Kaka. Basi.

Nikakaa. Akaniletea chai, nzuri, siwezi kusema uongo. Akarudi kushona. Nilikuwa nimezoea kuingia mle na kutoka na umbea wa mtaa mzima, wa walio hai na wa marehemu. Siku ile nilisikia sindano ikipanda na kushuka, na saa ya ukutani. Nikatazama kile kiraka. Kilikuwa cha pembe nne.

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe changu. Mkono wa gauni ukapanda. Ngozi ya chini ya kiwiko ilikuwa laini, moja, haina alama yoyote.

"Kovu lako liko wapi?"

Akautazama mkono ule. Akautazama na wa pili. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo.

"Kovu gani?" akauliza. Kisha akashusha nguo, taratibu, akaifunga kifungo.

Nilimsubiri shemeji nje, ukutani. Alipofika nilimshika bega.

"Umeuona mkono wake?"

"Punguza sauti."

"Umeuona?"

"Nimeuona." Alikuwa anatazama dirishani. "Tangu siku ile. Na usiku halali, shemeji. Analala chali, macho wazi. Nikiamka nakuta amenigeukia mimi, lakini macho yanatazama nyuma yangu."

"Na wewe umekaa kimya?"

"Niseme nini? Kwamba mke wangu ananisikiliza siku hizi?" Alijaribu kucheka.

Nikaenda kwa Mama Kengele. Shavu lilikuwa bado limevimba, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Nilipofika kwenye ile "bado" akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Mkashusha?"

"Walishusha."

Akakaa kitandani.

"Kule chini," akasema, "ukizama sana kwenye kazi, mara nyingine unatangulia kutoka kabla hujatoka. Mwili unapanda ngazi. Mwenyewe bado unamalizia. Si jambo kubwa. Unasubiriwa. Punde unapanda, unaingia mahali pako, na hata hujui. Nimewasubiri wengi, wakiwa wamesimama hapo hapo kando yangu wananitazama kama wajinga. Mnadhani bendera ile ni ya risasi peke yake?"

"Sasa ikishashuka?"

Akalishika shavu lake lililovimba.

"Sijui, mwanangu. Mimi sijawahi kuishusha kabla mtu hajapanda."

*

Tulichagua siku ambayo klabu haipigi. Shemeji akamleta yule mwanamke. Ndiyo, naandika yule mwanamke, sitazunguka. Mama Kengele akapandisha bendera, akaikaza kamba mara mbili, akagonga reli.

"Chini kuna mtu?"

Upepo ulipita kwenye nyasi.

"Bado."

Shemeji akaweka ngumi mdomoni.

Nikaenda mpaka ukingoni, nikapiga magoti. "Chiriku. Ni mimi. Acha hiyo kazi, mdogo wangu. Panda."

Kimya. Halafu nikasikia kitu chini ya bati. Krap. Krap. Krap. Mkasi ulikuwa unakata kitambaa.

"Bado, Kaka Cheche."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Kazi ikiwa mkononi, hata nyumba iungue atakwambia anamalizia ushono huu mmoja. Hakuwa anateseka. Hakuwa anaogopa. Alikuwa hajui kabisa kwamba tumemfungia.

Tulisubiri kutwa. Mama Kengele hakuiachia kamba hata kula. Kila alipogonga, jibu lilikuwa lile lile, na kila mara lilitoka mbali kidogo zaidi, ijapokuwa handaki lile lina mwisho na mwisho wake nimeugusa kwa mkono.

Jua lilipoanza kuchoka, Mama Kengele akaninong'oneza, "Asipopanda yeye, basi huyu ashuke amfuate."

Tukamleta ngazini. Hakubisha. Alivua viatu, akavipanga vizuri, akashika chuma cha juu. Akaweka mguu mmoja. Kisha akasimama, akanitazama. Hakuwa na chuki usoni. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Kaka. Nikishuka mimi, nani atapanda?"

Nilimtazama Mama Kengele. Naye alitazama pembeni.

Shemeji akamkimbilia, akamvuta juu, akamvisha viatu kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi," akasema. "Basi. Mke wangu ni huyu."

"Wewe unamjua mke wako!" Nilikuwa nimeshainua mkono. "Sauti yake umeisikia sasa hivi!"

"Nimeisikia." Hakujikinga. "Shemeji, yule wa chini simwoni. Huyu ananishika mkono. Nipige kama unataka kunipiga."

Mkono ulishuka wenyewe. Walikwenda kwa miguu, bega kwa bega, kupitia nyasi zilizofyekwa. Yule mwanamke hakugeuka. Shemeji ndiye aliyegeuka, mara moja, akaangalia handaki. Kabla mwezi haujaandama walikuwa wamehama mji.

*

Mimi nilibaki. Nilijiandikisha kuwa mtu wa kujitolea wa kudumu, mimi nisiyejua hata bunduki inashikwaje. Nikapaka mafuta magurudumu ya waya, nikachomelea ngazi, nikarudishia udongo kwenye tuta. Nilitaka sababu ya kuwa pale. Nilifikiri kama mtu atakuwa karibu, siku akimaliza atasikia anaitwa.

Lakini atamalizaje, na wao wanatoboa?

Kila wakipiga, shabaha zinakuwa kama chujio. Kila nikishuka kesho yake kuzitengeneza, nakuta zimeshatengenezwa. Viraka vya mviringo, vimelala vizuri, gundi mbichi. Mwanzoni vilikuwa vya gunia, yale mabaki aliyokuwa ameacha chini ya benchi. Niliwaeleza wanachama wazi wazi, nikawaambia simamisheni, huyu mtu yuko kazini. Wakatazamana. Kwenye mkutano wa klabu mwenyekiti akasimama, akasema hajawahi kuona fundi mnyenyekevu kama mimi, anafanya kazi nzuri vile halafu anasema si yeye. Wakanipigia makofi. Nilitukana, nikatolewa nje, na wiki iliyofuata wakaniomba radhi kwa sababu hakuna mwingine anayetaka kushuka kule.

Hawaulizi kwa nini hawataki. Wanashusha bendera haraka haraka tu siku Mama Kengele asipokuwepo, na wanagonga reli wenyewe kwa sauti ndogo, ili wasisikie vizuri.

Magunia yakaisha. Nilijua, kwa sababu siku moja nilishuka nikakuta kiraka cha kijani chenye vitone vyeupe.

Nilimpigia shemeji simu. Nikamwambia fungua kabati, lile gauni lipo?

Nikasikia mlango wa kabati. "Lipo. Limening'inia."

"Zima?"

"Zima kabisa." Akasita. "Shemeji, usinipigie tena." Nyuma yake, karibu sana na simu, kuna mtu alikuwa anapumua.

Nikapeleka gunia jipya, jora zima, nikaliweka juu ya benchi. Nikapeleka na mashuka yangu. Halikuguswa. Hayakuguswa. Nadhani vya huku havishiki. Ana vile tu alivyokuwa navyo siku ile, na gauni lile halikuwa refu. Viraka vya kijani vikaongezeka, shabaha kwa shabaha. Nikaanza kuona vipande vya ushono. Pindo la chini. Mfuko. Mwisho kabisa kola, imekunjuliwa na kunyooshwa kwa uangalifu ili itoshe tundu.

Na sauti ilikuwa inakonda. Mama Kengele akigonga, tulikuwa tunashika pumzi ndipo tuisikie.

"Bado."

Jana walikuwa na mashindano, siku Mama Kengele hayupo. Leo asubuhi nimefika na Mama Kengele mapema. Akapandisha bendera, akagonga.

"Chini kuna mtu?"

Kimya.

Akagonga tena, kwa nguvu. Reli ikalia mpaka ng'ambo ya tuta.

Kimya.

Tukatazamana. Mama Kengele machozi yalimlengalenga. "Labda amemaliza," akanong'ona. "Labda amekwenda kwa mwenzake." Hata mimi, kwa pumzi moja, niliamini. Nilimwona akiingia kwenye nyumba ile nisiyoijua, akikaa mahali pake, akianza kuongea.

Nikashuka kuhakikisha.

Benchi lilikuwa baridi. Mkasi ulikuwa umefungwa. Shabaha zote za upande wa wazi zilikuwa na matundu, hazikuzibwa. Nikaingia chini ya bati. Ya mwisho, ile ya mwisho kabisa, ilikuwa na tundu moja katikati, na lilikuwa limezibwa.

Kiraka cha mviringo. Gundi mbichi.

Hakikuwa cha kijani. Hakikuwa cha gunia. Nikasogea. Nikaweka uso karibu. Kilikuwa na vinyweleo. Vimesimama, kama vya mtu anayesikia baridi. Na katikati yake kulikuwa na alama inayong'aa, umbo la ncha ya pasi.

Nikaweka kidole. Kilikuwa na joto.

Sikupiga kelele. Nilitaka kumtoa tu. Angalau hiki, kisije kikapigwa risasi. Nikatafuta ukingo kwa ukucha, taratibu, nisimuumize. Nikazunguka upande wa juu. Nikazunguka pembeni. Nikarudi nilipotoka. Nikazunguka tena.

Huko juu nikasikia magari ya wanachama yanaingia. Nikasikia reli.

"Chini kuna mtu?"

Hakikuwa na pa kuanzia.

"Bado," nikajibu.